Barua ya wazi kwa mkuu wa kituo cha ukaguzi wa magari: niandikie pameoza wapi

Mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, mimi ni yule mzee wa wagoni nyeupe aliyefika kituoni kwako mara tatu, na kila mara mabawabu wako wakaziba pua. Harufu ile ni ya samaki. Ndiyo kazi yangu: nawachukua Ngomeni au Mayungu alfajiri, nawafikisha Malindi mjini kabla jua halijakaza. Gari lilitengenezwa Japani mwaka 1999, likaingia nchini 2006 likiwa na miaka 7, yaani lilibakiza mwaka mmoja tu kugonga ule ukomo wa miaka 8 wa magari ya kuagiza. Hesabu basi mwenyewe limekula chumvi kiasi gani tangu hapo.

Sikuandikii kulalamika kwamba gari langu lilianguka ukaguzi. Lilistahili. Nakuandikia kwa sababu ya karatasi niliyopewa.

Mara ya kwanza niliondoka Shela ya huku Malindi saa kumi usiku, adhana ya alfajiri ikanikuta juu ya daraja la Kilifi. Zamu yangu ilifika baada ya adhuhuri. Kijana wako akalipandisha gari kwenye zile rola za kupimia breki, akakanyaga breki, akatazama kioo cha mashine, akaandika. Akazunguka na tochi, akaingia shimoni, akagonga hapa na pale. Sina neno naye; mkono wake ulikuwa wa mtu anayejua anachokitafuta. Kisha akanipa karatasi. Ilikuwa na alama mbele ya maneno matatu, breki, taa na bodi, na muhuri chini yake. Nikamuuliza breki ipi, maana magurudumu ni manne na hendibreki juu yake. Akanijibu kwa adabu, "Mzee, fundi wako atajua."

Fundi wangu hakujua. Alibahatisha. Ukimpa fundi neno "breki" na muhuri, hubadilisha kile kilicho karibu na mkono wake. Akatoa pedi za mbele, ambazo hazikuwa zimefika hata nusu kuisha, akatia mpya. Nikalipa. Taa akazisugua, bodi nikampa mtu wa rangi. Nikarudi kwako mara ya pili, kisha ya tatu, usiku kwa usiku kama mwanzo. Karatasi ni ile ile: breki, taa, bodi.

Ndipo nikamwendea mzee mmoja wa huku Maweni ambaye hana gereji, ana mwembe. Alinyanyua nyuma kwa jeki, akaigonga ngoma ya breki ya kushoto kwa nyundo ikizunguka pole pole mpaka ikatoka, akaniita, "Njoo uone." Ndani mlikuwa na uji mweusi. Ile silinda ndogo inayosukuma lainingi ilikuwa ikivuja, na mafuta ya breki yamechanganyika na vumbi la lainingi yakawa kama masizi ya sufuria yaliyomwagiwa maji. Akapitisha kidole, akanipaka kiganjani: utelezi mtupu. Upande wa kulia ulikuwa mkavu. Kwa hiyo kila nilipokanyaga, gurudumu la kulia likishika na la kushoto likiteleza, na gari likivuta upande mmoja. Nami nilikuwa nimelizoea. Nilidhani ni barabara.

Mafuta yenyewe yalikuwa rangi ya chai ya mkandaa. Mzee akanieleza kwamba mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, ndiyo maana husemwa yabadilishwe kila miaka 2 hivi. Huku kwetu hewa yenyewe ni nusu maji. Silinda huoza kutoka ndani wakati nje imenyamaza kimya. Yangu sikumbuki kuyagusa tangu nilinunue gari.

Sasa nisikilize hapa. Zile rola zenu hupima kila gurudumu peke yake, kisha huonyesha tofauti kati ya la kushoto na la kulia. Ndiyo kazi yake. Maana yake mashine iliona, tangu siku ya kwanza, kwamba gurudumu la nyuma kushoto halishiki. Kijana naye aliiona namba ile kwenye kioo. Aliyenyimwa ni mimi peke yangu, na mimi ndiye ninayelipa na ndiye ninayeshika usukani kupita Matsangoni watoto wakitoka shule.

Neno "bodi" lilinipoteza zaidi. Safari ya pili gari lilikuwa limepigwa rangi likang'aa kama jahazi la mashindano. Kijana akachukua nyundo yake ndogo, akaanza kugonga kizingiti cha mlango kutoka mbele kwenda nyuma: ti, ti, ti, ti, pu. Akasimama. Akagonga tena palepale: pu. Akatikisa kichwa, akaandika. Mimi nilihisi aibu tu, sikuelewa. Mzee wa mwembe alipokuja kukwangua palepale, chini ya rangi palikuwa na pati ya kuzibia matundu, na chini ya pati palikuwa na gazeti. Wallahi, gazeti! Alilikunjua, akaanza kunisomea matokeo ya mpira.

Samaki ndio walioniharibia. Barafu ikiyeyuka hutoka sandukuni na chumvi yake na damu yake, hupita chini ya zulia, hujikusanya ndani ya kizingiti ambamo jua haliingii. Chuma huanza kuliwa ndani, siku kwa siku, na hicho kipele unachokiona kwenye rangi ni kutu iliyokwisha kula ikashiba, sasa inatoka nje kupunga upepo. Huku Malindi gari hata lisilobeba samaki hupata lake kutoka baharini, sembuse yale yanayoshinda Gongoni kwenye mashamba ya chumvi.

Lakini kutu hazilingani. Mpwa wangu yuko Leicester, Uingereza, na gari lake ni kuukuu kama langu. Ameniambia kule mkaguzi akikuta chuma kilichooza ndani ya sentimita 30 kutoka mahali panaposhikiliwa mkanda wa kiti, au springi, au usukani, au breki, gari halipiti, hata liwe zuri namna gani kwengineko. Mlango uliotoboka kwa chini ni jambo jingine. Mimi tundu langu lilikuwa chini ya nguzo ya mlango, kipimo cha shubiri moja kutoka pale mkanda wa dereva ulipofungwa kwa boliti. Tukigongana, mkanda ungeng'oka na kipande cha gari nikiwa nimejifunga vizuri kabisa. Na mimi nilikuwa nimetumia pesa kupaka rangi boneti, kwa sababu neno "bodi" kwa mtu wa kawaida ni boneti.

Taa nitazipita upesi. Zile plastiki za mbele huwa manjano kwa jua, kila mtu anajua, na nusu ya Malindi huzisugua kwa dawa ya meno. Kosa langu halikuwa hilo. Taa yangu ya kulia niliinunua kuukuu, imetoka kwenye gari la Dubai, nako huendesha upande wa kulia. Taa za huko zikiinamishwa hutupa mwangaza zaidi kuliani, ambako kwao ni ukingo wa barabara na kwetu ni macho ya dereva anayekuja. Ndiyo maana malori yalikuwa yakinipigia taa kila usiku na mimi nikiyatukana. Niliambiwa "taa", nikazing'arisha. Yaani nilizidi kuwapofusha.

Sasa na mimi nina la kuungama, maana haifai kukusema wewe nikajiacha. Mara zote tatu nilizokuja kwako tairi hazikuwa zangu. Niliziazima kwa binamu yangu mwenye teksi, nikampa kidogo cha chai, nikamrudishia jioni. Hili si siri pwani hii. Kuna watu wana seti ya tairi ambayo imepita ukaguzi mara nyingi kuliko gari lolote. Zangu zilikuwa na meno ya kutosha, zaidi ya ile milimita 1.6 ambayo vile vinundu vidogo ndani ya mifereji ya tairi huionyesha, nikadhani basi ni nzima. Mzee akaniinamisha kwenye ubavu wa tairi nisome tarakimu nne za mwisho za namba iliyochapwa hapo: 3109. Wiki ya 31, mwaka 2009. Ubavuni mlikuwa na nyufa nyembamba kama za ngozi ya kisigino. Kwa nini niliazima? Kwa sababu sikuwa najua mnachotazama kwenye tairi, na mtu asiyejua anachotafutiwa huficha kila kitu.

Boljointi ya mbele kushoto, kile kiungo kinacholishikilia gurudumu, pia ilikuwa imechoka, ikicheza ukitikisa gurudumu. Hiyo haikuandikwa kabisa. Mzee ameibadilisha kwa hiari yake.

Mheshimiwa, ninachokuomba ni mstari mmoja zaidi kwenye karatasi. Badala ya "breki", kiandikwe "nyuma kushoto haishiki", na ile namba ya mashine pembeni. Badala ya "bodi", "kizingiti cha dereva kimeoza karibu na mkanda". Kiandikwe kwa Kiswahili, ambacho Katiba ya 2010 imekiita lugha ya taifa na lugha rasmi pia, ili hata mke wangu akisoma ajue pesa ya ada imekwenda wapi. Na mtenganishe. Uingereza tangu Mei 2018 makosa huandikwa kwa daraja: la hatari, ambalo gari halifai hata kuendeshwa kurudi nyumbani, kubwa, ambalo gari halipiti, dogo, la kutengenezwa mapema, kisha yale ya kutahadharishwa tu. Mpwa wangu amenitumia picha ya karatasi yake. Mara ya mwisho imemwambia tairi ya mbele kulia inakaribia kwisha. Inakaribia! Gari limepita na bado limeambiwa. Mimi nilirudishwa mara tatu na bado sijaambiwa.

Pia ubandike langoni orodha ya mnachokagua, tujue kabla ya kutoka nyumbani. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haiachi nje magari ya binafsi. Likishapita miaka 4 tangu kutengenezwa nalo ni la kukaguliwa. Siku hiyo ikisimamiwa sawasawa utapokea foleni ya walimu, maimamu na wauza nazi ambao hawajawahi kutazama chini ya magari yao. Ukiwapa maneno matatu na muhuri, wataenda kununua rangi.

Binamu zangu wa Lamu hunicheka katika hili. Wao kisiwani mchukuzi wao ni punda, na punda wa Lamu ana zahanati yake tangu 1987. Ukimpeleka, daktari humshika kwato, humfungua kinywa, kisha hukwambia waziwazi: jino hili, mguu huu, mzigo upunguze. Hamwambii mtu "punda" akagonga muhuri.

Kuchomelea kumeshakwisha. Mzee alikata chuma chote kibovu mpaka akafika kinacholia ti, akatia bati jipya, akapaka lami kwa ndani. Masanduku ya samaki sasa nayaweka juu ya sinia la plastiki, maji yanatoka kwa mpira hadi nje. Silinda zote mbili za nyuma ni mpya, mafuta ya breki yamebadilishwa, taa ya kulia nimepata iliyotoka Japani. Kizingiti hakijapakwa rangi, nimekiacha hivyo kusudi, kijana wako akione kilivyochomelewa.

Narudi Jumatano ya wiki ya pili mwezi ujao. Tairi zitakuwa zangu.

Wako kwa heshima,
Mchukuzi wa samaki,
Shela, Malindi