Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kiwanja cha mtaa wetu hapa Nakuru bado kiko wazi. Jana jioni watoto walicheza mpira pale, na ile mijakaranda ya kando ya barabara haijaguswa. Mwaka ulipoanza wengi wetu hatukutarajia kuyasema haya leo. Hata hivyo, nisingependa mtu aondoke hapa akidhani vita vimekwisha.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Ua wa mabati ulisimamishwa usiku wa Jumamosi, ofisi zote zikiwa zimefungwa. Jumatatu mstawishaji alikuja na hatimiliki mkononi akatuambia fleti zinaanza kujengwa. Baadhi yetu walikata tamaa papo hapo: mtu ana hati, utamfanya nini? Kamati ilikwenda ofisi ya ardhi, ikalipia sachi, yaani upekuzi wa rekodi za umiliki, na kuomba ramani ya zamani ya mtaa. Kwenye ramani hiyo kiwanja ni eneo la wazi la umma, na hadi leo hatujaonyeshwa hata karatasi moja inayoeleza kilivyotoka mikononi mwa umma.

Nguvu yetu iko hapo. Kifungu cha 40 cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kuhusu ardhi iliyokuwa eneo la wazi la umma kwamba ugawaji wake ulikuwa na kasoro tangu mwanzo, na kwamba aliyeinunua baadaye hawezi kujikinga kwa hati yenye chanzo kibovu. Nawasihi muielewe hoja hiyo vizuri, maana mtaani tutaendelea kuulizwa, “Kwani hati si hati?”

Kilichotutesa zaidi ni muda. Chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, asiyeridhika na kibali cha ujenzi ana siku 14 tu za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko hayo. Kupinga leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ni siku 60. Siku 14 ni chache mno kwa mtaa ambao hauambiwi kitu. Tangazo lilibandikwa mahali pasipopita watu, na kama mwanachama wetu mmoja hangeliona, tungekuwa tunazungumzia msingi wa zege sasa. Tulikata rufaa ikapokelewa, na ujenzi umesimama hadi isikilizwe.

Wapo waliosema tunawanyima watu makao. Maneno hayo yaliniuma. Nakuru ni jiji tangu 2021, inazidi kukua, na wapangaji ni wanachama hapa sawa na wenye nyumba. Nyumba zijengwe, lakini si juu ya ardhi inayotunywea maji. Mvua ikinyesha Menengai, maji huteremka kupitia mitaani kuelekea Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto wa kutokea, ambalo kwa miaka kadhaa sasa limefurika na kuingia ndani ya mbuga. Udongo wetu wa majivu ya volkano nao humomonyoka upesi. Tukifunika nyasi kwa saruji, maji yale yataingia kwa majirani walio chini yetu, ambao hakuna aliyewauliza lolote.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nawashukuru vijana wa bodaboda wa stejini, waliotupigia simu kila lori la mawe lilipoonekana, na wakili wetu aliyetupunguzia ada bila kuombwa mara mbili.

Tukishinda rufaa, tutakuwa tumezuia fleti hizi tu. Kiwanja kisipopimwa, kuwekewa bikoni za kuonyesha mipaka na kusajiliwa kuwa ardhi ya umma, inayoshikiliwa na kaunti kwa niaba ya wakazi kama Kifungu cha 62 cha Katiba kinavyosema, mnyakuzi mwingine atakuja na karatasi nyingine. Kwa hiyo kamati inaomba idhini yenu kupeleka ombi hilo kwa kaunti na kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, pamoja na mchango wa kumlipa mpimaji.

Mwenye picha ya zamani ya kiwanja, barua ya baraza la manispaa au risiti yoyote inayokitaja, amletee katibu kabla ya rufaa kusikilizwa. Nakala inatosha, ile halisi ibaki nyumbani kwako.