Mwanangu, usiivue skafu bado

Melbourne, 28 Agosti 2025

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Jumapili, nikiwa kwenye treni natoka uwanjani kuwatazama Bulldogs, timu yetu ya futiboli ya Australia, skafu bado shingoni, na behewa zima liko kimya kama tumetoka kuzika. Ulisema: "Baba, mimi na Bulldogs basi. Hapa kazini wote ni Fremantle, na mwakani na mimi nitakuwa Fremantle." Nyuma ya sauti yako nilisikia wenzako wanashangilia. Sikukujibu siku hiyo kwa sababu ningekujibu kwa uchungu, na uchungu ule hukuusababisha wewe. Leo sina zamu. Mama yako amebandika sombe, nyumba imetulia, nimeona nikuandikie taratibu.

Nianze na yale uliyosema kweli, maana ni mengi.

Ni kweli tumemaliza wa tisa. Tumeshinda mechi 14 kati ya 23, idadi ambayo kwa kawaida inakuingiza kwenye nane bora zinazocheza mtoano bila wasiwasi, na tumebaki nje. Ni kweli pia kwamba timu dhaifu tulizimwagia magoli kama mafuriko, lakini tulipokutana na zile zilizomaliza juu, ushindi wetu ulikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Jumapili tulihitaji kushinda mechi moja tu, nyumbani, na Fremantle, timu ya huko Perth unakoishi, wakaja kutoka mwisho mwingine wa nchi wakaichukua. Na ni kweli kwamba tangu kombe la 2016, mwaka ambao tumeshinda mechi yoyote ya mtoano ni 2021 peke yake. 2019, 2020, 2022 na 2024 tulitolewa kwenye mechi ya kwanza. Miaka mingine hatukufika kabisa.

Unasema kocha wetu Beveridge aondoke. Hapo sikubaliani nawe, ingawa simtetei kwa kila jambo. Anawahamisha vijana nafasi mno. Leo kijana analinda, wiki ijayo yuko mbele, wiki ya tatu yuko benchi, na kijana wa namna hiyo huanza kucheza kwa hofu. Lakini ugonjwa wetu ninavyouona mimi hauko kwa mtu mmoja. Viungo wetu ni wazuri kuliko wa karibu timu yoyote, na kwa sababu ni wazuri, wote wanakimbilia mbele. Mpira ukipotea katikati, walinzi wetu wanabaki peke yao na uwanja mpana mgongoni. Unakumbuka 2022, hukohuko Perth? Tuliwaongoza Fremantle haohao kwa pointi 41, tukapoteza kwa 13. Na fainali ya 2021, ambayo kwa ajili ya korona ilichezewa huko uliko sasa na sisi tumefungiwa ndani Melbourne: robo ya tatu ya mchezo nahodha wetu Bontempelli anafunga, tunaongoza kwa pointi 19, wewe umesimama juu ya kochi na mama yako hakukukataza. Mpira ulipokwisha, wapinzani wetu, timu iitwayo Melbourne, walikuwa na 140, sisi 66. Sijawahi kuona maji yakivunja kingo namna ile. Timu inayojua kushambulia lakini haijui kutulia itaumia hivyo tena na tena, kocha awe huyu au mwingine.

Kinachoniuma zaidi ni Bontempelli. Novemba atatimiza miaka 30. Alipochukua kombe alikuwa na miaka 20, mtoto kabisa, na tukadhani atachukua matatu au manne. Tangu 2020 ndiye nahodha, na kila Jumamosi anabeba mzigo bila kumwonyesha mwenzake kidole. Ukiniambia tunaipoteza miaka ya mtu huyu, nitainamisha kichwa nikubali.

Lakini mwanangu, mimi sikuichagua timu hii kwa sababu inashinda. Sijawahi kukusimulia vizuri nilivyoichagua, nawe sasa ni mtu mzima wa miaka 22.

Tulifika hapa Julai 2009. Ulikuwa na miaka sita, na maisha yako yote hadi siku ile yalikuwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania: foleni ya mgao, vumbi jekundu la Kasulu, na ile chandimu mliyoifunga kwa mifuko na kamba. Mimi nilikuwa nimehamishwa mara nyingi kiasi kwamba nikiulizwa kwetu ni wapi, nilihitaji kufikiri. Fizi, kule Kongo, tuliondolewa na vita. Ziwa Tanganyika tulilivuka usiku. Kambini tulikaa miaka zaidi ya kumi tukiambiwa kila msimu kwamba labda tutarudishwa, labda tutahamishwa. Halafu ndege, halafu baridi hii.

Nilipopata kazi kwenye kiwanda cha nyama, nilipangwa meza moja na mzee mmoja mwenye asili ya Malta, mtu wa Footscray, mtaa wa magharibi mwa Melbourne, tangu utoto. Kiingereza changu kilikuwa kidogo na chake kilikuwa cha haraka. Septemba ile Bulldogs walitolewa na St Kilda kwa pointi 7, hatua moja kabla ya fainali, na Jumatatu yake yule mzee alifanya kazi bila neno. Nikamuuliza kulikoni. Wakati wa chai akanichorea kwenye boksi: uwanja kama yai, nguzo nne kila upande, katikati ya zile mbili ndefu ni goli la pointi 6, pembeni ni pointi 1. Halafu akanihadithia habari ya 1989.

Mwaka ule wakubwa wa ligi waliamua klabu ya Footscray, ndiyo hii Bulldogs yetu, haina fedha, iunganishwe na Fitzroy, klabu nyingine ya Melbourne, iitwe Fitzroy Bulldogs. Watu wa magharibi waliisikia habari hiyo kama watu wanaosomewa amri ya kuhama. Hawakuhama. Shabiki mmoja mwanamke, Irene Chatfield, alikwenda mahakamani kuuzuia mpango. Mwanasheria kijana, Peter Gordon, akaongoza mapambano. Na watu wa kawaida, wafanyakazi wa viwandani na bandarini, wakashika ndoo wakasimama njia panda, mlangoni mwa maduka, nyumba kwa nyumba, wakichanga sarafu. Kwa wiki chache tu zikapatikana zaidi ya dola milioni moja, na klabu ikabaki. Mzee wangu alikuwa mmoja wa walioshika ndoo. Alinionyesha mkono alioushikia, akaufunga na kuufungua, kana kwamba uzito bado upo.

Mwanangu, nilikuwa na miaka 38, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia habari ya watu walioambiwa waondoke wakasema hapana, na ikawa hapana kweli. Sisi tuliambiwa tuondoke kwa bunduki. Najua si mambo ya kulinganisha, huu ni mpira na yale yalikuwa mauti. Lakini moyo haungoji mizani. Jioni ile nilikuja nyumbani na skafu aliyonipa, nyekundu, nyeupe na buluu, nikamwambia mama yako: tumepata timu.

Nisiwadharau waliohama, maana na mimi ni mmoja wao. South Melbourne walihamishiwa Sydney mwaka 1982. Fitzroy, waliotakiwa kuungana nasi, mwishoni mwa 1996 waliunganishwa na Brisbane, na Brisbane hao wamechukua kombe mwaka jana. Nikiwaona wazee wa Fitzroy bado wanavaa rangi zile na kusafiri kwenda kuwatazama, nawaheshimu. Wamejua kuupeleka moyo mahali pengine bila kuukata. Hata sisi uwanja wa Whitten Oval umebaki wa mazoezi, mechi zetu za ligi za wanaume hazichezwi pale tangu miaka ya tisini, na jina la Footscray lilibadilishwa mwaka 1997 kuwa Western Bulldogs. Ila klabu bado iko Barkly Street, na nikishuka treni kwenda kununua sombe na ndagala naipita kwa miguu.

Mzee alinionya tangu mwanzo kwamba hii ni timu ya kusubiri. Kombe lake la pekee lilikuwa la 1954. Baada ya fainali waliyopoteza 1961, hadi 2010 walifika hatua ya mwisho kabla ya fainali mara saba, na mara zote saba wakaishia hapo. 1997 walipoteza kwa pointi 2 tu. Mimi nilisema, mzee, kusubiri nakujua.

Ndiyo maana 2016 ilituingia vile. Ulikuwa na miaka 13. Tulimaliza wa saba, na hakuna aliyewahi kuchukua kombe akitokea nafasi ya saba. Murphy, nahodha wetu, alikuwa ameumia goti tangu mwanzo wa msimu. Tukaenda Perth, tukawapiga West Coast kwa pointi 47. Tukawatoa Hawthorn waliokuwa mabingwa mara tatu mfululizo. Tukaenda Sydney, tukawapita GWS, mojawapo ya timu za huko, kwa 6, na mimi na wewe tulikuwa tumepiga magoti sebuleni. Siku ya fainali dhidi ya timu ya Sydney watu 99,981 walijaa uwanja wa MCG, sisi hatukupata tiketi. Unakumbuka Dale Morris wetu alivyomkamata Franklin wa Sydney, mpira ukamtoka, Tom Boyd wetu akauokota mbali kabisa akapiga, ukadunda, ukadunda, ukaingia? Jirani yetu Mvietnamu alipiga ukuta kwa furaha, nasi tukampigia. 89 kwa 67. Halafu Beveridge akamwita Murphy jukwaani, akaivua medali yake mwenyewe, akamvalisha yule ambaye hakucheza. Mama yako, ambaye hapendi mpira, alilia pale. Akasema, huyu kocha amelelewa na watu wanaojua kugawana.

Kesho yake nilikubeba mabegani Whitten Oval ingawa ulikuwa mkubwa wa kubebwa. Mzee wangu alikuwepo. Alikuwa ameleta picha ya baba yake na kuiinua juu ili aone.

Na kuna jambo moja la wiki ile ambalo labda umelisahau. Sydney walikuwa na mlinzi aitwaye Aliir Aliir, aliumia wiki moja kabla akaikosa fainali. Uliposikia kwamba alizaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, ulikuja jikoni ukaniuliza: "Baba, kambi kama yetu?" Nikasema ndiyo, kama yetu. Ukakaa kimya, kisha ukasema unasikitika hatacheza, ingawa ni adui. Usiku ule nilimshukuru Mungu kwa mtoto niliyepewa. Baadaye Buku Khamis, kijana wa Sudan Kusini, alipovaa jezi yetu, ukasema sasa hatuna haja ya kumpenda mtu wa timu nyingine. Dada yako naye alishapata wa kwake, wanawake wetu walipochukua ubingwa wa 2018 kwa pointi 6 mbele ya Brisbane, na tangu mwaka ule hajaacha kucheza.

Sasa kuhusu Fremantle. Sina chuki nao. Wameingia ligi 1995, kombe hawajawahi kulishika, fainali yao ya 2013 waliipoteza. Kwa hiyo kama unakimbia maumivu, huko nako wanayajua. Lakini kama unawafuata kwa sababu wenzako wa kazi ndio watu wako sasa, wanakupa lifti asubuhi na kukuita kwenye nyama choma, hilo nalielewa kuliko unavyodhani. Mimi nami timu yangu nilipewa na mtu wa meza ya kazini. Ukifanya hivyo kwa sababu hiyo, sitakuita msaliti, na mama yako hataniruhusu.

Ninalokataa ni ile sababu uliyotoa kwenye ujumbe, kwamba umechoka kupoteza. Uchovu huo nimeukataa kwa mambo makubwa zaidi ya mpira, na ningependa usiuanze ukiwa na miaka 22.

Kadi yako ya uanachama ya mwakani nitailipia kama kawaida, uitumie au usiitumie. Kwenye kifurushi mama ameweka ndagala, pilipili ya kusaga na soksi nene. Skafu yako ya 2016 niliikuta kwenye sanduku, ile yenye doa la soda, nimeiweka chini kabisa. Si lazima uivae.

Wiki ijayo nitawatazama Fremantle na kuwaombea, kwa ajili yako. Bulldogs wanakuja Perth karibu kila mwaka. Ratiba ikitoka nitaomba likizo mapema nipande ndege. Wewe nunua tiketi mbili, tukae pamoja, na upande wa kukaa uchague wewe.

Baba yako