Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya malikale: naomba bango la upepo Kilwa

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Usishtuke, siombi barabara wala hela nyingi. Naomba bango moja tu pale gatini Kilwa Masoko, watu wanapopandia mashua kwenda Kilwa Kisiwani kwenye magofu ya mji wa kale, lieleze upepo uliotajirisha mji huo.

Mwezi wa saba nilienda na wanangu wawili. Kusi inapiga kweli kweli, mdogo katapika, nahodha anacheka tu. Tukafika, tukatembezwa msikiti mkuu na Husuni Kubwa, jumba la sultani, tukatajiwa masultani mpaka wakatuchanganya. Wakati wa kurudi mkubwa akaniuliza, baba, sasa hawa mbona walitajirikia huku mbali wakati Lamu na Mombasa ndo ziko karibu na Arabuni? Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Kumbe jibu lilikuwa linatupiga usoni mle mle kwenye mashua. Kaskazi inavuma kama Desemba mpaka Machi, majahazi ya Aden kule Yemen na Hormuz kwenye Ghuba ya Uajemi yanashuka nayo, kuanzia Aprili upepo unageuka kusi inawarudisha kwao. Sasa kaskazi ukishaipita Kilwa inalegea, kwa hiyo jahazi la Arabuni likijitahidi linafika Kilwa, linauza, linanunua, linawahi kusi mwaka huo huo, ila ukitaka kwenda mwenyewe mpaka Sofala, pwani ya Msumbiji, kwenye dhahabu iliyotoka bara Zimbabwe, ujue utakaa unasubiri upepo msimu mwingine mzima, na mabaharia wanataka kula. Nani anataka hasara hiyo? Wakilwa wakakaa hapo katikati. Wao ndo wanaifuata dhahabu Sofala, mgeni anaikuta Kilwa, ushuru unabaki Kilwa. Mpaka sarafu ya shaba ya Sultan al-Hasan bin Sulaiman imekuja kuokotwa Great Zimbabwe, magofu ya mji wa mawe huko bara kabisa! Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika 1331, enzi za huyo huyo sultani, akausifia mji kwa uzuri, na huyo mtu alikuwa ametembea.

Halafu zile kuta, Mheshimiwa, ukienda zisogelee uziguse. Ni matumbawe, unaona mpaka vijitundu vyake. Yakitolewa baharini mabichi ni laini, fundi anachonga maua anavyotaka, yakikauka yanakuwa magumu. Dari zilikaa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ukiizidisha urefu haibebi dari ya mawe, ndo maana vyumba vya kule ni virefu vyembamba kama behewa la treni. Mimi nilidhani ni fasheni ya wakati huo.

Najua UNESCO waliiandikisha Kilwa urithi wa dunia 1981, ikaingia orodha ya urithi ulio hatarini 2004, ikatolewa 2014, hapo waliofanya kazi wapewe maua yao. Lakini mgeni anaondoka amekariri majina na mwaka 1505 Wareno walipouteka mji, upepo hajaambiwa.

Bango lenyewe liwe na ramani ya pwani kuanzia Hormuz mpaka Sofala na mishale miwili, wa kaskazi na wa kusi, maelezo kwa Kiswahili kwanza. Maneno waulizwe manahodha wa pale pale, wanayajua kuliko mimi. Kaskazi inaanza Desemba, bango likiwa limeshasimama kabla ya hapo nitawarudisha watoto, japo mdogo kasema mashua hapandi tena.