Chini ya barafu, saa mbili tu

Mhariri,

Aprili 2010 maua ya Kenya yalioza maghalani kwa sababu majivu ya Eyjafjallajökull yalifunga anga ya Ulaya. Tangu hapo, volkano yoyote ya Iceland ikitikisika, magazeti yetu huuliza jambo moja: ndege zitaruka? Wanaoishi chini ya milima hiyo wanahesabu dakika, na hawaogopi majivu kwanza. Wanaogopa maji.

Jirani wa Eyjafjallajökull ni Katla, iliyolala chini ya barafu ya Mýrdalsjökull, yenye unene unaofika mita 700 hivi. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikipenya chini yake, huyeyusha barafu yenye ujazo mara kumi au zaidi ya ujazo wake yenyewe. Maji hujikusanya gizani, huinua barafu, kisha huchomoka ukingoni na mchanga, mawe na mapande ya barafu makubwa kama nyumba. Katika mlipuko wa 12 Oktoba 1918, kilele cha mafuriko kinakadiriwa kufikia mita za ujazo 300,000 kwa sekunde. Mto Amazon wenyewe kwa kawaida haufiki hapo. Kutoka mlipuko uanze hadi maji yafike barabara kuu, saa mbili zinaweza zisiishe.

Vyombo vya kupimia vipo. Vipima mitetemo huusikia mlima, rada za ndegeni hupima mabonde yanayodidimia juu ya barafu, na mitoni kuna vifaa vinavyopima maji yanavyopitisha umeme. Kipimo hiki cha mwisho ni cha ajabu kwa urahisi wake: maji yaliyokaa karibu na mwamba wa moto huyeyusha chumvi na madini, kwa hiyo umeme hupita kwa wepesi zaidi. Namba ikipanda na mto ukianza kunuka mayai viza, wenyeji huambiwa wasikae bondeni, maana gesi inayotoa harufu hiyo nayo ni sumu.

Tatizo ni kwamba vifaa vingi vya mtoni viko karibu na madaraja. Vinapopiga kelele, maji yamekwisha kutoka kwenye barafu. Na mtetemo wa mafuriko hufanana na ule wa mlipuko mdogo. Julai 2011 mto Múlakvísl ulibeba daraja la barabara kuu, na wataalamu wakabaki wakibishana kama kulikuwa na mlipuko au joto la ardhini tu. Julai 2024 mto Skálm nao ulifurika juu ya barabara hiyo hiyo. Kwa dereva aliye njiani, ubishi huo haubadilishi kitu.

Ndiyo maana utafiti tunaouthamini kuliko mwingine ni ule uliokwenda kuwauliza wakulima. Machi 2006 yalifanyika mazoezi ya kuhama. Kaya ilipewa dakika 30 kujiandaa, kutundika kibao cha kuonyesha kwamba nyumba imehamwa, kisha kwenda kujiandikisha kituoni. Watu wa Álftaver, mashariki mwa Katla, walitakiwa waende kijiji cha Kirkjubæjarklaustur. Wakapinga: safari hiyo ingewapitisha mahali ambapo maji yenyewe hupita, pengine katika giza la majivu na radi. Radi si hofu ya bure. Mlipuko wa 1755 uliua watu wawili kwa radi. Tena nani angeacha mifugo zizini? Walitaka kukusanyika pahala pa juu papo hapo kwao. Kwa maoni yetu walikuwa sahihi, na watafiti walifanya vema kuyaandika hayo badala ya kuyaita ukaidi.

Kujua maji yatapita wapi kuliwahi kuokoa hata daraja. 14 Aprili 2010, maji yakishuka kutoka Eyjafjallajökull, barabara kuu ilikatwa kwa mashine karibu na daraja la mto Markarfljót ili mkondo upite pembeni. Tuta la barabara hurudishwa kwa siku chache. Daraja huchukua miezi.

Wanaotuuliza kuhusu Kibo, kilele cha Kilimanjaro: barafu yake sasa haifiki kilomita za mraba mbili, na mlima umenyamaza kwa zaidi ya miaka 100,000. Hatari ya namna ya Katla si ya Moshi.

Goma ni habari nyingine. Volkano yake, Nyiragongo, haina barafu, lakini saa zake ni fupi vilevile. 22 Mei 2021 lava ilishuka usiku bila tangazo. Siku tano baadaye amri ya kuhama ilitoka kwa mitaa kumi, na umati ukajaa barabara ya Sake, mpaka wa Rwanda na vyombo vya Ziwa Kivu. Tungependa gazeti lenu liwaulize wanaochora mipango ya mji huo: je, madereva wa pikipiki na akina mama wa sokoni wameonyeshwa ramani ya kuhama? Na wakisema njia fulani huziba, nani anaifuta kwenye karatasi?

Wanajiolojia wawili,
Nairobi