Kabla ya kuilaumu .375 yako, angalia boksi la risasi

Msimu wa uwindaji ukikolea tu, malalamiko ni yaleyale: "Mlinirekebishia shabaha, nikawalipa, nimefika porini bunduki inapiga pembeni." Safari hii mteja alikuja na sauti ya juu, karakana yetu ya bunduki imejaa watu, akidai tumemla hela na arudishiwe. Hatukumrudishia. Tunaeleza hapa sababu, maana yeye si wa kwanza na msimu bado mbichi.

Bunduki yake ni BRNO 602 ya risasi ya .375 H&H (.375 ni unene wa risasi kwa inchi), ya enzi za Chekoslovakia, wakati viwanda havikubania chuma. Alituachia na boksi moja la softi, yaani risasi za ncha laini, za greni 300 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi). Tukazikaza skrubu za darubini, tukapiga, tukarekebisha, tukaacha mtutu upoe, tukapiga tena, mpaka tundu tatu za mita 100 zikafunikwa na kisoda. Karatasi ya shabaha aliondoka nayo. Yaliyotokea baada ya hapo alitusimulia mwenyewe, bila kujua kwamba anajibu swali lake. Zile greni 300 zilikaribia kuisha, akapita dukani, akakuta greni 270 za kampuni nyingine kwa bei nafuu, akachukua. Porini akazichanganya kwenye magazini moja. Kongoni akapigwa tumboni, wakafuata damu hadi giza likawafukuza.

Kurekebisha shabaha ni kuoanisha bunduki, darubini na risasi ya aina moja. Ukibadilisha kimoja, kazi yote imevunjika. Greni 300 inatoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde, greni 270 inazidi mita 800. Mwendo tofauti, msukumo tofauti, na mtutu unatikisika tofauti risasi inapotoka. Bunduki moja itazitupa kwa tofauti ya vidole viwili, nyingine itazitenga kwa kiganja kizima, na hakuna fundi anayeweza kukuambia kabla ya kupiga. Hata uzito ukiwa uleule, kampuni mbili zinaweza kukupa makundi mawili kwenye karatasi.

Tuseme ukweli pia: risasi hii ya .375 H&H ina sifa nyingi kiasi kwamba watu wanaidai miujiza. Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912, na zaidi ya miaka mia baadaye bado ndiyo risasi utakayoikuta kwenye kambi nyingi za uwindaji Tanzania. Ganda lake ni refu na limechongoka taratibu kuelekea mdomoni, bega lake dogo. Lilitengenezwa kwa baruti ya kodaiti, iliyokuwa ikipandisha nguvu mno kwenye joto letu, kwa hiyo umbo hilo lilikusudiwa kuingia na kutoka chemba, yaani chumba cha risasi mwanzoni mwa mtutu, bila kubishana. Ukivuta bolti, kile chuma kinachofunga chemba, utalisikia: linateleza. Mbele ya nyati hilo ni jambo kubwa kuliko namba zozote za kwenye boksi.

Namba zenyewe si haba. Greni 300 inabeba nguvu ya jouli 5,700 hivi, wakati .30-06 ya greni 180 haifiki 4,000. Halafu njia ya risasi hizo mbili angani inafanana sana, ndiyo maana mtu mwenye .375 moja anaweza kupiga swala pala asubuhi na pofu jioni bila kubadilisha bunduki. Kanuni zetu za uwindaji nazo zimeiweka kuwa kipimo cha chini kwa wanyama hatari. Ukija na .300 Winchester Magnum yako nzuri ukasema unakwenda kwa mbogo, tutaisafisha kwa heshima zote, lakini kwa mbogo hutakwenda nayo.

Sasa mipaka yake. Kwanza, umbali. Kijana mmoja alituletea bunduki yenye darubini kubwa utadhani anataka kutazama nyota, akataka tuiweke kwa mita 400. Greni 300 ukiiweka sawa kwenye mita 200, kufika mita 300 imeshashuka shibiri nzima na zaidi, na upepo una sehemu yake. Tulimwekea mita 150, akanuna. Ukitaka kupiga mbali hivyo, nunua risasi ya kazi hiyo.

Pili, ukaribu. Waulize wawindaji bingwa wanaowasindikiza wageni: mgeni anabeba .375, bingwa mwenyewe mara nyingi kashika .458, .470 au .500. .375 inaua vizuri sana ikipigwa mahali pake kwa utulivu. Kumsimamisha nyati aliyejeruhiwa, anayekuja kasi kutoka kichakani hatua kumi na tano mbele yako, ni kazi nyingine. Inawezekana, ila hapo uzito na unene wa risasi kubwa zaidi vinahesabika. Anayekuambia .375 "inatosha kwa kila kitu" hajaongeza maneno "kwa mpigaji hodari".

Tatu, teke, yaani bunduki inavyokusukuma begani ukipiga. Linakaribia mara mbili ya lile la .30-06. Wapo wateja wanaofumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Tunawaona, tunaweka ganda tupu kwa siri kwenye chemba, na wakivuta tu, mtutu unachovya chini wenyewe. Hao hawahitaji darubini mpya. Wanahitaji mpira mzuri wa kitako, kitako kilichokatwa kwa urefu wa mkono wao, na mazoezi na bunduki ndogo. Mwingine alijifungia darubini ya bei nafuu nyumbani, akaiweka karibu mno na jicho. Alikuja kwetu na alama ya mwezi mwandamo juu ya nyusi, na vioo vya ndani vimelegea. Darubini ile ilikuwa ya bunduki ya upepo.

Teke hilohilo ndilo linalopasua vitako. Ukiona ufa mwembamba nyuma ya bolti au kwenye shingo ya kitako, simama hapohapo. Mzee mmoja wa Singida, bunduki yake ilipoanza ufa aliipeleka kwa seremala, ikapakwa gundi na kufungwa pini ya msumari. Nje palipendeza. Ndani, chuma kilikuwa hakikai tena kwenye mbao ipasavyo, kila risasi ikakisukuma nyuma, na ufa ukafika kwenye magazini. Kazi ambayo ingekuwa ya kuchimba kidogo, kujaza epoksi na kupitisha skrubu ndefu ya kukatiza mbao ikageuka kuwa kitako kipya cha mninga, kuchonga kwa mkono. Alilalamikia bei. Tulimwonyesha vipande.

Risasi zenyewe pia si zote za kila mnyama. Softi nzuri, iliyoungwa vizuri au ya shaba tupu, ndiyo ya simba, pofu na risasi ya kwanza kwa nyati. Solidi, yaani risasi ngumu isiyofunguka, ni ya tembo, na wengi huiweka kuwa ya kufuatia kwa nyati anapogeuka kukuonyesha makalio. Softi rahisi inayofunguka haraka inaweza kuishia kwenye bega la nyati bila kufika kwenye mapafu. Solidi kwa swala pala inapita kama sindano, na mnyama anakimbia hadi kata nyingine. Mteja anayewinda kitalii anajua machungu yake: mnyama aliyejeruhiwa akapotea anahesabiwa kuwa ameuawa, na ada inalipwa. Linganisha ada ya nyati na tofauti ya bei kati ya maboksi mawili ya risasi, kisha utuambie nani kamla nani hela.

Jingine la kuangalia ni maandishi ya kwenye ganda. ".375" peke yake haitoshi. Kuna .375 Ruger, ya mwaka 2007, yenye kichwa cha risasi cha unene uleule lakini ganda tofauti kabisa, fupi na nono, lisilo na mkanda. Kuna .375 Flanged, yenye ukingo chini, ya bunduki za zamani za mitutu miwili, na nguvu yake ni ndogo kidogo. Kuna na .375 Weatherby. Ya H&H ina mkanda ule wa shaba juu ya kitako cha ganda na imeandikwa H&H. Kaka mmoja alimtuma mpwa wake kuagiza risasi, zikaja za Ruger. Kaka huyo alipotupigia simu alikuwa tayari anajaribu kuifunga bolti kwa kuisukuma na kiganja. Bolti ikikataa, usishindane nayo.

Na zile risasi za kabatini zilizoachwa na babu, zenye ukungu wa kijani, tafadhali usituletee ili tuzijaribu. Ikitokea umevuta kifyatulio na hakuna mlio, uelekeze mtutu mahali salama, uhesabu nusu dakika, ndipo ufungue. Baruti iliyochoka wakati mwingine huchelewa tu.

Tukija kwenye bei, maana ndipo mnapotusema. Risasi za .375 ni ghali, na shabaha haipatikani kwa risasi mbili. Ongeza muda wa kupoza mtutu, uwanja wa shabaha, gundi ya skrubu, na kuikagua chemba na mtutu kabla hatujaweka bega letu nyuma ya bunduki ya mtu tusiyejua imelala wapi. Yuko fundi mtaani anayefanya kwa nusu ya bei yetu. Huyo anachungulia mtutu, anasogeza darubini, basi. Hapigi hata risasi moja.

Kazi za kukata mtutu, kulegeza kifyatulio mpaka kiwe kama manyoya, na kutoboa chemba ili iingie risasi nyingine hatuzifanyi, hata ukipandisha dau.

Ukija, njoo na leseni ya umiliki, na risasi zilezile utakazowinda nazo, za kutosha kulenga na kubaki na za safari, ikiwezekana zenye namba moja ya toleo kwenye maboksi. Njoo wiki mbili kabla, si jioni ya kuamkia safari gari likiwa limeshapakiwa nje. Na bunduki ikisafiri Arusha hadi pori la akiba la Rungwa juu ya barabara zile, ikifika kambini piga moja kwenye karatasi kabla ya kumtafuta mnyama. Darubini ikiwa imesogea, tupigie simu palepale, tutakuelekeza kuirudisha, na hilo halina malipo.