Barua ya wazi: Nimejieleza, sasa naomba soksi ya upepo

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi (sikutaji, unajijua),

YAH: KUJIELEZA KUHUSU NDEGE KUPITILIZA KIWANJA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nimepokea barua yako ya kunitaka nijieleze ndani ya siku saba kwa nini ndege ndogo ya injini moja ilipitiliza kiwanja chetu cha nyasi ikaishia kwenye mihogo. Nashukuru kwa barua. Tangu nianze kufyeka kiwanja hiki, hii ni ya kwanza kutoka ofisini kwako. Zangu nne za kudai posho nadhani bado ziko njiani, si unajua barabara za masika.

Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika kwenye saa nne. Ndege ilikuwa inakuja kumchukua mkamwana wangu, uchungu siku ya pili, na barabara imeshakatika mtoni. Nikafukuza mbuzi kwa filimbi (nimeinunua mwenyewe), nikasimama pembeni. Magurudumu yaligusa usawa wa kichuguu cha kwanza, mahali penyewe kabisa. Kisha nikaona matairi yamesimama, hayazunguki, na ndege bado inakwenda. Ikapita mawe ya chokaa ya mwisho kimya kimya, ikaingia shambani kwa mke wangu, pua ikainama, pangaboi likachimba udongo mara mbili likanyamaza. Rubani alikuwa peke yake, akatoka mzima.

Barua yako inauliza kwa nini sikufyeka. Mheshimiwa, nilifyeka! Nilizinyoa nyasi kipara. Rubani alipokuwa akisubiri msaada aliokota kijiti akanichorea hesabu kwenye tope. Mamlaka ya anga ya Uingereza, alisema, huwaambia marubani wa ndege ndogo kwamba nyasi kavu huongeza mwendo wa kutua kwa 15%, lakini nyasi fupi sana zilizolowa juu ya ardhi ngumu huteleza mpaka mwendo ukaweza kuongezeka 60%. Ndege ya kutosheka na mita 500 za lami hapo itataka 800. Mita 800 ndizo zote tulizo nazo, ukihesabu na vichuguu. Halafu upepo wa nyuma: ukifika sehemu ya kumi tu ya kasi ya kutua, unaongeza 20% nyingine juu ya hizo. Alipofika hapo kijiti kikavuka mstari, kikaingia kwenye mihogo.

Sasa huo upepo wa nyuma rubani asiuone kwa nini? Mlingoti tunao, soksi ya kumwonyesha rubani upepo unakovumia hatuna. Iliraruka. Ulipokuja na msafara wa kukagua miradi ulisimama chini ya mlingoti uleule, ukawaambia wazee kwamba hilo ni dogo, wiki ijayo litakuwa limekwisha. Hiyo wiki ijayo nimeingoja masika tatu. Mwishowe nikafunga kanga ya mke wangu, ile iliyoandikwa Mgeni njoo mwenyeji apone. Ikiwa kavu inapepea vizuri tu. Ikilowa inaning'inia. Siku ile ilining'inia, rubani akasoma kwamba hakuna upepo, na mimi huku chini shati linanipiga mgongoni. Mimi si mtaalamu wa ndege, ila naamini kanga ile ndiyo iliyomdanganya. Wataalamu wako wakisema ni breki, haya, waseme.

Novemba 6, 2022, ndege ilipoangukia ziwani kule Bukoba na watu 19 wakafa, waliowahi kufika walikuwa wavuvi na makasia yao. Nchi nzima ikasema tujifunze. Sisi tulikimbia na ndoo za maji ya kisima huku mafuta yananuka. Najua maji hayazimi moto wa mafuta. Ulitaka tubebe nini?

Mkamwana tulimvusha kwa mtumbwi, akajifungua ng'ambo usiku wa manane. Mama na mtoto wazima. Namshukuru Mungu na wapiga kasia, orodha imeishia hapo.

Mihogo sidai. Posho ya miezi saba nitaidai siku nyingine. Mashine ya kukatia nyasi uliyoniahidi mpe mwingine. Nadai soksi, Mheshimiwa. Kitambaa chepesi cha rangi ya machungwa, kinashonwa kama mguu wa suruali, wazi huku na huku. Fundi cherehani wetu anamaliza asubuhi moja. Soksi tu.

Na kama hata hiyo ni ngumu, basi nirudishiwe kanga. Vijana wako waliondoka nayo wakisema ni kielelezo. Kanga huvaliwa doti. Mke wangu amebaki na kipande kimoja, na anayeulizwa kila jioni ni mimi, si wewe. Tunasikia ndege nyingine inakuja Alhamisi, na mlingoti uko mtupu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfyekaji wa kiwanja