Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri: vikaushio vifike kabla ya maembe

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MKOPO WA VIKAUSHIO VYA JUA KWA KAYA ZA VIJIJINI, MKOA WA TABORA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Ikifika Novemba, kupita chini ya miembe yetu ni kukanyaga maembe mpaka kandambili zinanata. Mnunuzi wa ndoo anajipangia bei, nasi tunaipokea, maana kesho yake ndoo hiyo ni ya nzi.

Kukausha tunajua. Viazi vitamu tunavikata tukapata michembe, vingine tunavichemsha kwanza tukapata matobolwa. Tumbaku nayo tunaikausha kwenye mabani, yaani mabanda ya moto, ingawa kuni zake zimetumalizia misitu. Ila michembe huanikwa kiangazi, jua kali na upepo mkavu, wakati embe linaiva mvua zikianza. Ukilianika wazi, saa nne unashangilia jua, saa nane unakimbizana na matone, na kuku wameshajihudumia.

Ndiyo maana tunaomba kikaushio cha jua, ambacho ni sanduku tu. Seremala wa kijijini analiweza: mbao, miguu ya kimo cha kiuno, ndani rangi nyeusi, juu nailoni ya kitalu nyumba iliyoinamishwa ili mvua iteremke. Nailoni ya kawaida isinunuliwe, jua huichana mapema. Trei ziwe za wavu wa plastiki, kwa sababu ukali wa embe huozesha waya wa chuma. La muhimu kuliko yote ni matundu: ya chini yaingize hewa, ya juu yatoe mvuke, yote yazibwe kwa chandarua. Fundi akisahau ya juu, embe linachemka badala ya kukauka.

Vipande viwe na unene wa milimita 5 hadi 8, kutoka embe lililoiva lakini bado gumu kidogo. Jua likiwepo, siku 2 au 3 zinatosha. Kipande kilichokauka hukunjika bila kukatika na hakiachi majimaji kidoleni. Nisikudanganye, kilo 10 za embe zima hutoa takriban kilo 1 tu, na maembe yetu yenye nyuzi nyingi hayafai kwa vipande. Dodo na bolibo ndiyo yenyewe.

Utashauriwa ununue mashine moja kubwa ya umeme ya kukaushia kwa kata nzima. Tafadhali usikubali haraka. Embe lililoiva halivumilii tenga la baiskeli kwenye barabara zetu, na mama mwenye watoto hawezi kushinda kwenye foleni huko kata. Sanduku likae uani. Kikundi cha wakopaji kitumie kwa pamoja mizani na mashine ya kufunga pakiti, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, waje kutufundisha usafi na ufungashaji, ili hata tukienda TBS, shirika la viwango, tusirudishwe.

Fedha zipo kisheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Huku kwetu mikopo hii ikitajwa, watu huwaza bodaboda na mashine ya kusaga. Waagize maafisa maendeleo ya jamii wayapokee pia maandiko ya miradi ya vikaushio, na marejesho yaanze baada ya msimu, maana mwezi Agosti mwembe haulipi mtu.

Maombi yakipitishwa Julai, maseremala watakuwa na Agosti na Septemba za kuunda. Yakipitishwa Desemba, maembe tutakuwa tumeshayafagia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa tumbaku na maembe, Tabora